Sayyid Barghash: Mtawala Aliyelijenga Upya Jeshi la Zanzibar Baada ya Kimbunga

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuzizamisha, au kuzitupa ufukweni, karibu meli zote zilizokuwa zimetia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Miongoni mwake zilikuwamo manowari za Sultani, mabaki ya kikosi cha wanamaji kilichojengwa na Sayyid Said bin Sultan katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mashambani hali ilikuwa mbaya vilevile. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa, ingawa ile ya Pemba ilinusurika. Kwa siku moja, dola iliyodai pwani yote kuanzia Ghuba ya Tungi kusini hadi Warsheikh kaskazini ilijikuta haina meli za kuilinda wala mavuno ya kugharamia meli nyingine.

Aliyebeba mzigo huo alikuwa Sayyid Barghash bin Said, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka miwili katika kiti cha enzi. Wengi wanamkumbuka kwa majumba yake na kwa maji ya bomba aliyoyaleta mjini. Sehemu ya maisha yake isiyozungumzwa sana ni jitihada zake za kulijenga upya jeshi la Zanzibar: namna alivyolianzisha, alivyoligharamia, na sababu zilizolifanya lishindwe kumsaidia siku alipolihitaji kuliko siku zote.

Kijana aliyetaka madaraka mapema

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Oktoba 1856, Sayyid Said alipofariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli akitoka Oman, Barghash alikuwa naye safarini. Aliurudisha mwili wa baba yake Unguja na papo hapo akajaribu kutwaa madaraka, lakini jaribio hilo halikufanikiwa na kaka yake, Sayyid Majid, ndiye aliyetawazwa.

Miaka 3 baadaye alijaribu tena. Mwaka 1859, akiungwa mkono na baadhi ya watu wa kabila la Al-Harthi, aliondoka mjini na kujizatiti katika shamba lililoitwa Marseilles. Majeshi ya Majid peke yake hayakutosha kumng'oa. Mabaharia wa Uingereza waliokuwa bandarini waliingilia kati, na Barghash akalazimika kujisalimisha. Alipelekwa uhamishoni Bombay, India, alikokaa kwa takriban miaka 2.

Tukio hilo lilikuwa na fundisho ambalo lilijirudia katika maisha yake yote. Ugomvi wa ndugu wawili wa Unguja ulikuwa umeamuliwa na mizinga ya taifa la tatu. Huko Bombay aliuona mji wenye bandari kubwa, reli, na jeshi lililovaa sare na kulipwa mshahara wa kudumu. Aliporejea aliishi kwa utulivu hadi Majid alipofariki Oktoba 1870, ndipo naye akashika utawala.

Dola yenye pwani ndefu na ulinzi mfupi

Jeshi alilolirithi lilikuwa la mtindo wa kale. Askari wake wengi walikuwa Mabulushi na Waarabu kutoka Hadhramaut na Oman, waliokodiwa na kuongozwa na majemadari wao wenyewe. Walilinda Ngome Kongwe ya Unguja, Ngome ya Yesu ya Mombasa na vituo vya forodha vya mwambao. Utii wa askari ulikuwa kwa jemadari kwanza na kwa mtawala baadaye, na jemadari aliyekosa malipo au heshima aliweza kugeuka.

Kimbunga cha 1872 kilipoongezwa juu ya udhaifu huo, matokeo yalionekana mara moja. Mapema mwaka 1873 ujumbe wa Uingereza ukiongozwa na Sir Bartle Frere ulifika Unguja kudai biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe kabisa. Barghash alikataa. Uingereza ikatishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873, mbele ya Balozi Mdogo John Kirk, alikubali mkataba huo. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kwa maelfu ya Waafrika waliokuwa wakiuzwa hapo, na historia haina sababu ya kuijutia. Hata hivyo ilidhihirisha jambo jingine: mtawala asiye na meli hakuwa na nafasi ya kuchagua wakati wala masharti.

Mwaka 1875 ulileta mitihani miwili zaidi. Mwezi Januari, akida wa Mombasa aliyekuwa ameasi na kujifungia ndani ya Ngome ya Yesu alishindwa pale tu manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, zilipoipiga ngome hiyo kwa mizinga. Baadaye mwaka huohuo, baada ya Barghash kurejea kutoka ziara ya Uingereza ambako alipokelewa na Malkia Victoria, majeshi ya Khedive wa Misri yalishuka Brava na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya bendera ya Zanzibar. Wamisri waliondoka baada ya kushinikizwa na Uingereza. Mara mbili katika mwaka mmoja, Sultani alirudishiwa mali yake kwa mkono wa mwingine.

Jeshi jipya la mwaka 1877

Katika mazingira hayo Barghash aliamua kuunda jeshi la aina nyingine kabisa. Mwaka 1877 aliazimwa afisa kijana wa wanamaji wa Uingereza, Luteni Lloyd William Mathews, aliyekuwa akihudumu katika HMS London, meli kuukuu iliyowekwa bandarini Zanzibar kuwa makao ya doria dhidi ya biashara ya watumwa. Mathews alipewa kazi ya kuandikisha, kufundisha na kuongoza kikosi cha kudumu.

Badiliko kubwa lilikuwa katika aina ya watu walioandikishwa. Badala ya kutegemea askari wa kukodi kutoka ng'ambo, jeshi jipya lilifungua milango kwa Waafrika waliokuwa wengi kisiwani. Kufikia mwisho wa mwaka huo askari wapatao 300 walikuwa wakifanya mazoezi. Baadhi yao walikuwa watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wengine walikuwa watumwa walionunuliwa kutoka kwa mabwana wao ili waingie jeshini, na wengine walitoka gerezani. Serikali ya Uingereza ilitoa zawadi ya bunduki 500 za kisasa pamoja na risasi zake. Askari wa kawaida walivaa kofia nyekundu, koti fupi jeusi na suruali nyeupe, na maofisa Waarabu walivaa makoti marefu ya buluu yenye mapambo ya dhahabu na fedha.

Idadi iliongezeka haraka. Katika miaka ya 1880 Mathews aliongoza askari wa kudumu zaidi ya 1,000, mbali na askari wa akiba na wa mtindo wa zamani waliobaki katika ngome na vituo vya pwani. Mwaka 1881 alistaafu katika jeshi la wanamaji la nchi yake na kupewa cheo cha Brigedia Jenerali wa Zanzibar.

Baharini nako juhudi zilifanyika. Mwaka 1878 iliwasili meli mpya ya Sultani, Glasgow, iliyoundwa huko Dumbarton, Uskoti. Ilikuwa meli ya matanga na mvuke, yenye mizinga midogo 7 na bunduki ya Gatling ya mitutu mingi. Pamoja nayo, Barghash alinunua meli kadhaa za mvuke zilizobeba shehena na abiria na ambazo, inapolazimu, ziliweza kusafirisha askari hadi mwambao. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia huko na Ulaya. Habari ambazo awali zilichukua wiki nyingi kufika sasa zilifika kwa muda mfupi.

Fedha za kugharamia yote hayo zilitoka forodhani. Kodi ya pembe za ndovu, karafuu na mpira iliyokusanywa katika bandari za Unguja na mwambao ndiyo iliyolipa mishahara ya askari, kununua makaa ya mawe ya meli na kujenga mji. Katika miaka hiyohiyo maji safi yalivutwa kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, hamamu ya Hamamni ikajengwa kwa matumizi ya watu, kasri za Chukwani na Marahubi zikainuliwa, na mwaka 1883 likakamilika Beit al-Ajaib, jengo refu kuliko yote mjini. Kwa Barghash, jeshi lenye sare, meli ya vita, waya wa simu na jumba la nguzo za chuma vilikuwa sehemu za mpango mmoja: kuionesha dunia kwamba Zanzibar ni dola iliyokamilika.

Jeshi hilo halikuwa la gwaride tu. Lilitumwa kuzuia usafirishaji wa siri wa watumwa kutoka Pangani kwenda Pemba, na mwaka 1881, baada ya Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London kuuawa na wafanya magendo hao karibu na Pemba, Mathews na askari wake ndio waliowasaka wahusika hadi wakapatikana. Askari waliowahi kuwa bidhaa katika majahazi sasa ndio waliokuwa wakiyasimamisha majahazi hayo. Hata hivyo, mashamba ya karafuu yaliyoilisha hazina ya jeshi yaliendelea kulimwa na watumwa. Barghash hakulitatua pingamizi hilo, na lilidhoofisha madai yake kwa watu wa bara, ambao wengi wao waliijua Zanzibar kwa misafara iliyowachukua ndugu zao.

Mwaka wa majaribu

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu juu ya karatasi alizoziita mikataba. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani aliyaweka maeneo hayo chini ya himaya yake. Barghash alipopata habari hizo alichukua hatua kama mkuu wa dola yenye vyombo vyake. Alituma simu ya kupinga moja kwa moja Berlin. Alipeleka askari Usagara. Alipeleka wengine kaskazini dhidi ya Witu, ambako Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, alikuwa amejiweka chini ya Wajerumani. Naye Mathews alipelekwa Kilimanjaro, ambako machifu kadhaa wa Uchaga na Taita walikubali bendera ya Zanzibar.

Kwa miezi michache ilionekana kana kwamba jeshi la mwaka 1877 limefika katika kazi lililoumbiwa. Ukweli ni kwamba hatima yake ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwingine. Uingereza, iliyokuwa ikihitaji uungaji mkono wa Ujerumani katika masuala ya Misri na kuhofia mgogoro wake na Urusi, ilimwelekeza Balozi Kirk asiwazuie Wajerumani. Kirk, aliyekuwa mshauri wa Barghash kwa miaka mingi, akalazimika kumshauri akubali. Huko Kilimanjaro, siku chache tu baada ya Mathews kuondoka, mjumbe wa Kijerumani aliwasili na kupata saini ya Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari 5 za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Sultani. Glasgow, yenye mizinga yake midogo, isingeweza kustahimili hata moja ya meli hizo. Kamanda wa kikosi aliweka sharti: madai ya Zanzibar juu ya maeneo ya Peters na Witu yaondolewe na askari warudishwe. Jeshi lililofundishwa kwa miaka 8 halikufyatua risasi hata moja. Katikati ya mwezi huo Barghash alikubali. Mwezi Desemba mwaka huohuo alitia saini mkataba na Ujerumani ulioiruhusu kutumia bandari ya Dar es Salaam.

Kilichofuata kilikuwa hesabu baridi. Mwaka 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita mwambaoni kuchunguza wapi hasa mamlaka ya Sultani yalikuwapo. Zanzibar haikuwa na mjumbe wa kupiga kura katika tume iliyokuwa ikiigawa. Wajumbe waliangalia bendera, vituo vya forodha na askari walioonekana kwa macho. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Novemba 1886 yakamwachia Sultani visiwa vyake, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini hadi Kipini, na miji kadhaa ya pwani ya Benadir. Bara yote iliyobaki iligawanywa. Februari 1887 Wareno nao waliichukua Ghuba ya Tungi. Mwezi Mei mwaka huo Barghash aliikodisha sehemu ya kaskazini ya mwambao kwa kampuni ya Kiingereza.

Afya yake ilikuwa imedhoofu. Alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu na kurejea Unguja akiwa hoi. Alifariki Machi 1888, akiwa na umri wa takriban miaka 51. Mdogo wake, Sayyid Khalifa, alirithi dola iliyokuwa na mji mzuri kuliko wakati wowote na ardhi ndogo kuliko wakati wowote. Miaka 2 baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Jeshi la baba, mwana upande wa pili

Historia ilikuwa bado na neno la mwisho. Tarehe 25 Agosti 1896, baada ya kifo cha Sayyid Hamad bin Thuwaini, Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika kasri na kujitangaza Sultani bila ridhaa ya Uingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga. Glasgow ilijibu mapigo na ikazamishwa ikiwa imetia nanga, milingoti yake ikabaki kuchomoza juu ya maji kwa miaka kadhaa. Mapigano yalimalizika katika muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Siku hiyo Brigedia Jenerali Mathews alikuwa upande wa Waingereza. Askari wapatao 900 wa jeshi la Zanzibar, jeshi lilelile lililoasisiwa na Barghash, walipangwa chini ya maofisa wa Kiingereza dhidi ya mtoto wa mwasisi wao. Halikuwa suala la uoga wala usaliti wa askari mmoja mmoja. Tangu siku ya kwanza bunduki, mafunzo na amri vilitoka katika chanzo kimoja, na chanzo hicho kilipotofautiana na kasri, jeshi lilifuata amri.

Hapo ndipo maisha ya Sayyid Barghash yanapogusa mambo ya leo. Alikuwa sahihi kuona kwamba askari wa kukodi hawawezi kulinda dola, kwamba wananchi wa kisiwa wanafaa kuwa askari, na kwamba ulinzi unahitaji meli, mawasiliano na hazina ya uhakika. Alichokosa ni uongozi wa jeshi uliotokana na watu wenyewe, pamoja na utawala ambao watu hao wangeuona ni wao. Askari aliyenunuliwa kutoka kwa bwana wake ili ailinde nchi hakuwa na sababu kubwa ya kuihesabu nchi hiyo kuwa yake.

Takriban miaka 86 baada ya Glasgow kuzinduliwa, swali hilo bado lilikuwa hai Afrika Mashariki. Januari 1964, baada ya jeshi la Tanganyika lililorithiwa kutoka kwa wakoloni na lililokuwa bado na maofisa wa Kiingereza kuasi, wanajeshi wa Uingereza waliitwa kulinyang'anya silaha. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili mwaka huo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964 kwa msingi mpya: askari na makamanda wake wawe raia wa nchi wanayoilinda. Ulinzi ukawa jambo la Muungano, na bahari ya Zanzibar ikapata pia kikosi chake cha doria, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo.

Hadi Beit al-Ajaib ilipoporomoka kwa sehemu mwaka 2020, mwananchi aliyepita Forodhani aliziona Ngome Kongwe na jengo hilo zikiwa zimesimama jirani, moja ikiwa alama ya ulinzi wa kale na nyingine alama ya dola iliyotamani kuwa ya kisasa. Mbele yake ni bandari ambamo kimbunga cha 1872 kilizamisha kikosi kimoja cha wanamaji, na ambamo mizinga ya 1896 ilizamisha meli iliyokuja baada yake. Kati ya maangamizi hayo mawili alipita mtawala mmoja aliyefanya kazi kubwa ya kuijenga upya nguvu ya nchi yake, na aliyelipa gharama ya kuiacha amri ya nguvu hiyo mikononi mwa wengine.